Mwendo wa Kapinga

Watu wengi wakinusa spiriti hukumbuka sindano. Mimi hukumbuka msichana akifutwa. Wiki iliyopita muuguzi alinipangusa mkono kwa pamba kabla ya kunitoa damu, na hata kabla sijaiona sindano nilikuwa nimesharudi Acocks Green, mjini Birmingham, ghorofani juu ya duka la vipuri vya baiskeli, nina miaka minane, soksi moja imeshuka, na mtu ananiambia nitembee tena. Muuguzi aliniuliza kama naogopa damu. Nilimwambia ndiyo, kwa sababu hilo lilikuwa jibu fupi.

Ninawaandikia haya kwa wasiwasi. Kiswahili cha kuandika nilijifundisha mwenyewe, kwa Biblia ya mama na kwa magazeti yaliyokuja yamefungia vitu alivyotumiwa kutoka Kisumu. Nilipokuwa mtoto nilikisikia chote, ila nilijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kwetu Bordesley Green. Sasa kila sentensi naiandika, naifuta, naiandika tena mpaka karatasi inatoboka. Mkiona mahali pamekwaruzika, jueni hapo nilipita mara nyingi.

Mwanzoni kulikuwa na gazeti la watoto, mjini Brussels, lililotoka kila wiki na hadithi za picha. Wenye gazeti waliona watoto wanazipenda picha zile hata zikiwa zimesimama, wakajiuliza ingekuwaje kama zingetembea. Wakafungua studio. Filamu zao za kwanza, nilivyokuja kusimuliwa, zilikuwa fupi na za kivivu: mdomo unacheza, mwili umesimama, nyumba zinapita nyuma. Baadaye wakapata moyo, wakataka filamu ndefu ya kuonyeshwa katika majumba ya sinema, na hapo ndipo mikono ilipokuwa michache. Kazi ya kupaka rangi ikaanza kupelekwa nje, kwenye vyumba vidogo vya miji mingine. Miaka ya sitini ikielekea kwisha, chumba kimojawapo kilikuwa chetu.

Nasema chetu kwa sababu mama alifanya kazi pale, na siku za Jumamosi hakuwa na mtu wa kuniachia. Alikuja Birmingham kusomea uuguzi, akafika hadi kuvaa kofia nyeupe na kuzunguka wodini, kisha nikazaliwa mimi. Baba alirudi Kenya kutafuta kazi nzuri zaidi, na akaendelea kuitafuta. Mama alikuwa na mkono usiotetemeka, basi mkono huo ukatulisha.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mtu wa katuni akiinua kikombe, anachorwa na kupakwa rangi juu ya karatasi nyingi za plastiki angavu, moja kwa kila hatua ya mkono wake. Pale tuliziita nailoni. Zikishapigwa picha kule Brussels zilirudishwa kwetu ndani ya masanduku, zioshwe na kutumiwa upya, kwani nailoni mpya ilikuwa ghali. Mama ndiye aliyeosha. Rangi ilitoka kwa maji ya moto na sabuni, mistari ya wino ikatoka kwa spiriti. Maharamia, mapolisi, wafalme, wote waliingia beseni na kutoka wakiwa si kitu, na Jumatatu mtu mwingine alichorwa mahali pao. Ila kalamu ilikuwa imeshakwaruza. Ukiinamisha nailoni safi dirishani, uliwaona bado: ukingo wa shavu, nusu ya kofia, vidole visivyoshika chochote. Niliogopa kuziinamisha, na niliziinamisha kila wiki.

Mezani pamoja na mama alikaa Mama Harjit, Singasinga wa kutoka Nakuru, mpakaji rangi mwenye kasi kuliko wote na mwenye mdomo pia. Yeye na mama walizungumza Kiswahili cha bara, cha sokoni, na wakati mwingine nilisahau kwamba hawakuzaliwa nyumba moja.

"Mama Akinyi, hebu ona hii mbuzi," alisema siku moja, akiinua nailoni. "Leo imezaliwa na miguu mitano. Tunachinja au tunaomba?"

"Paka rangi tu," mama alimjibu. "Huo wa tano ni kipuri, wa mwenye duka la chini."

Aliyechora mbuzi yule alikuwa msimamizi wetu, aliyeletwa kutoka studio ya Brussels. Jina lake Placide, Mkongo wa Lubumbashi, mwembamba, mwenye sweta ya kijani iliyochakaa viwiko. Mimi nilimwita Tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, kwa kuwa mwenyewe alinifundisha hivyo. Kiswahili chake kilikuwa kama nyumba yetu iliyopangwa upya na mgeni: vitu vyote vilikuwepo, havikuwa mahali pake. Alisema mutoto, alisema muzuri, alisema iko hata pale ambapo haiko. Mama Harjit alimtania kwamba Wabelgiji walimpa Kiswahili kilichotumika, na yeye alimjibu kwamba hata cha Nakuru hakikuwa kipya.

Filamu iliyokuwa ikitengenezwa ilitokana na mojawapo ya hadithi za gazeti. Katika kitabu cha hadithi hiyo kulikuwa na kisanduku kimoja cha picha ya soko la Afrika, na pembeni ya kisanduku, karibu na ukuta, msichana mdogo mwenye gauni la njano. Hakusema neno, hakuwa na jina, na kisanduku kilichofuata hakuwamo. Brussels waliagiza abaki vilevile: asimame ukutani, apepese macho, basi. Mtoto wa kando akitembea ni nailoni nyingi zinazopotea bure.

Tonton Placide aliamua atembee.

Alinieleza jambo hili huku akichonga penseli, na sijawahi kusikia mtu akieleza kitabu cha picha vizuri kuliko hivyo. Alisema kitabu kinakuonyesha mutoto hapa, halafu kinakuonyesha yuko kule, na katikati kinakuachia pengo jeupe. Msomaji hulijaza pengo lile bila kujijua. "Lakini sinema haina pengo," alisema. "Sinema inakuuliza: alifikaje? Alitembea namna gani? Na kama hujui, Akinyi, unafanya nini?"

"I don't know," nilisema.

"Unaomba mutoto mwingine akutembelee."

Hivyo ndivyo Jumamosi zangu zilivyopata kazi. Kulikuwa na ujia mrefu kutoka kichwa cha ngazi hadi mlango wa kioo, sakafu ya linoliamu ya rangi ya chai. Yeye alikaa kwenye kigoda na ubao magotini. Hakuchora kwenye karatasi kwanza kama ilivyotakiwa, maana karatasi zilihesabiwa na Brussels. Alichora moja kwa moja juu ya nailoni kuukuu, na za msichana alizificha chini ya lundo la kuoshwa. Aliniambia jinsi ya kwenda. Mguu wa kulia ukanyage kama kawaida. Wa kushoto uulize kwanza, uguse chini kwa vidole kidogo, ndipo ukubali. Mkono mmoja ushike gauni pembeni. Na nikifika karibu na mlango nitazame nyuma, si kwa kuogopa, ila kama mtu anayehakikisha kwamba anatazamwa.

"Kwa nini mguu wa kushoto unauliza?" nilimuuliza, siku hiyo kwa Kiswahili changu cha kuvunjika.

"Ule uwanja wetu ulikuwa na mawe meusi ya kutoka mgodini. Saa sita unaungua. Alizoea kupima." Akachora. "Hata ndani ya nyumba alipima. Tembeya, Kapinga. Pole pole."

Kwa hiyo nikajua ana jina. Alianza kwa kusema tembea kama Kapinga, baadaye akasema tembea, Kapinga, na sikumsahihisha. Niwaambie ukweli: nilipenda. Nilikuwa mtoto wa kuhesabu mistari ya njiani, mtoto wa kulia kwa kuandika herufi moja vibaya, na hapa palikuwa na kitu ambacho nilikifanya sawa tangu mara ya kwanza bila kujaribu. Alipoziweka nailoni zikilaliana na kuziinua kwenye mwanga, nilimwona msichana ndani ya msichana, mguu wa jana chini ya mguu wa leo, na wote walikuwa mimi na hakuna aliyekuwa mimi. Nilianza kutembea vile nikienda shule. Nilitembea vile kwenye foleni ya maziwa. Kwenye kioo cha mlango wa ujia, naapa, msichana niliyemwona alikuwa akichelewa kidogo, kama asiye na haraka ya kunifikia.

Nilimwonea wivu pia. Nilitaka kujua kama ana baiskeli. Siku moja, wakati wa chai, niliuliza mbele ya wote: "Kapinga yuko wapi sasa?"

"Alibakia kule," alisema Tonton Placide.

"Na nani?" aliuliza Mama Harjit, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Alikoroga chai yake. "Peke yake," alisema. "Wakati wa vita tulikimbia. Wengine tulifika."

Mama Harjit aliweka kikombe chini na kusema pole, baba, pole sana. Mama alikuwa ananitazama miguu.

Nyumbani siku zilizofuata alinikataza kutembea kwa vidole. Alisema nitaharibu viatu. Kwao Kisumu, kwetu, jina la marehemu si kitu cha kuokotwa ujiani. Marehemu hutokea katika ndoto ya mtu mzima, huomba, wazee hukaa, ndipo mtoto hupewa, tena akiwa mchanga, kabla hajawa mtu. Mama alikuwa Mkristo wa kuimba sauti ya pili na hakunieleza lolote kati ya haya. Nilichosikia ni habari ya viatu.

Jumamosi iliyofuata ndiyo ya mwisho kabla ya sanduku kwenda Brussels. Msichana alikuwa amekamilika, kutoka ukutani hadi anapogeuka kutazama. Tonton Placide alitaka kuzichomeka nailoni zake katikati ya zile za soko, akiamini kwamba wakishamwona anatembea hawatakuwa na moyo wa kumsimamisha. Alikuwa anashuka kwenda posta kutafuta kamba na karatasi ya kufungia. Mama alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi mbele ya sinki.

"Mama Akinyi," alisema akiwa ngazini, akivaa koti, "zile za mutoto, tosha."

"Sawa," mama alisema.

Mlango ulifungwa chini. Nilisikia maji yakijaa. Mama Harjit alikuwa akiimba polepole puani, ametugeuzia mgongo. Harufu ya sabuni ilikuja kwanza, kisha spiriti ikaja juu yake, kali na baridi, mpaka macho yakaniwasha. Nilikuwa sakafuni nikichora, na sikuinua kichwa. Kila Jumamosi ilinuka hivyo.

Aliporudi, nailoni zilikuwa zimepangwa kwenye kamba, zimebanwa kwa vibanio vya nguo, zinadondosha maji. Zilikuwa safi sana. Alisimama na kamba yake mpya mkononi. Alikwenda kwenye lundo, akapekua, akarudi kwenye kamba, akainamisha moja kuelekea dirishani, na nyingine.

"Nilisema tosha," alisema.

"Na mimi nikasikia tosha," mama alisema. "Nikaona zimetosha."

Mama Harjit aliacha kuimba. Ndiye aliyeelewa kwanza, maana alikaa katikati ya Viswahili viwili kwa muda mrefu kuliko wote. "Kwao kutosha ni kutoa," alimwambia mama. "Alikuwa anasema uzitoe kwenye lundo. Uziweke kando."

"Mungu wangu," mama alisema taratibu.

Tonton Placide alicheka. Sipendi kukikumbuka kicheko kile. "Kumbe ni Kiswahili," alisema. "Si risasi, si Wabelgiji. Kiswahili."

Kisha alinigeukia, akapiga goti, akanishika mabega. Mikono yake ilikuwa na baridi ya nje. Alisema tulikuwa bado na mchana mzima. Alisema angechora haraka, mistari tu, rangi wangeipaka hukohuko. "Unitembelee tena. Mara moja tu. Kapinga, eko wapi? Akuye, aje."

Nilikwenda kichwa cha ngazi. Kwa mara ya kwanza nilijua ni kwa ajili ya nini. Nilijua kwamba kama singeufanya sawasawa, hakuna popote pengine duniani palipokuwa na mwendo ule. Tonton hakuwa na picha yake hata moja. Mama alisimama mlangoni akikausha mikono, vidole vimekunjamana kwa maji. Nikaanza. Kulia, kawaida. Kushoto, uliza, kubali. Shika gauni. Geuka. Nilifanya kila kitu alichonifundisha Tonton, naye alikuwa ameshikilia kalamu bila kuigusisha.

"Tena," alisema. Nikarudia, kwa uangalifu zaidi. Nikarudia kwa uangalifu kuliko huo. Nilikuwa nikizitazama hatua zangu kama mtu anayesahihisha hesabu.

Hatimaye aliiweka kalamu sakafuni. "Unafanya muzuri sana," aliniambia kwa upole. "Yeye hakufanya muzuri. Hakujua kama anafanya."

Nimekuwa nikijaribu kufanya vizuri kila kitu tangu siku ile, na kila kitu ninachokifanya vizuri huniogopesha.

Filamu ilitoka. Karakana yetu haikuishi muda mrefu baada ya hapo. Studio ilipata wachoraji wake wa bei nafuu zaidi mahali pengine, na baadaye tulisikia wenye gazeti wameiuza yote, meza na taa na masanduku. Mama alipata kazi hospitalini tena, ya kusaidia wauguzi. Tonton Placide aliondoka kabla ya masika ya Ulaya. Tulimsindikiza stesheni, na treni ilipokaribia mama alimpa mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia, "Safari njema, Baba Kapinga." Hakuna mtu aliyekuwa amemwita hivyo Birmingham. Alisahau kupanda mpaka mlinzi akamhimiza.

Miaka kadhaa baadaye filamu ile ilionyeshwa kwenye televisheni, mchana wa sikukuu, sisi tukiwa tumeshiba. Soko lilifika. Mbuzi walipita, watu walipita, mapipa yalibiringika, na kando ya ukuta alisimama msichana wa gauni la njano. Kila kitu kilitembea isipokuwa yeye. Alipepesa macho. Mama aliinuka akaenda kuweka chai, na wakati ule nilidhani ni aibu ya kosa lake, nikamhurumia.

Nilimhurumia mpaka mwaka jana. Tulialikwa Northfield, nyumbani kwa rafiki wa kanisani, na miongoni mwa wageni alikuwapo bibi Mkongo aliyekuwa amefika siku chache kabla, mzito, mwenye pumzi fupi. Alijitupa kitini akamwambia mama bila hata salamu, "Mwanangu, tosha viatu." Na mama, akiwa katikati ya mazungumzo na mtu mwingine, aliinama akamvua viatu.

Hakusita. Hakuuliza. Kwenye basi la kurudi nilimkumbusha kwamba alifanya kazi na Tonton Placide zaidi ya mwaka. Nikamuuliza kama siku ile alijua maana ya tosha.

"Nilijua," mama alisema.

Nilikuwa na hasira tayari, nimeipanga vizuri.

"Wiki ile, pale karibu na hospitali, ulivuka barabara mbele yangu," alisema. "Na ule mwendo wako wa vidole. Gari la maziwa linakuja. Nikaita Akinyi. Nikaita tena, nikaita mpaka watu wakatoka dukani. Hukugeuka. Basi nikaita lile jina la pili." Alifungua mkoba wake, akaufunga. "Ukageuka mara moja. Unacheka."

Basi lilisimama, watu wakashuka, likaondoka.

"Lakini usidhani nilimfuta kama wale maharamia," alisema. "Hospitalini nimewaosha marehemu wengi. Mtoto anaoshwa kwa utaratibu wake. Uso kwanza. Nilimwosha moja moja, na kila moja nilimwambia pole, kwa kuwa yule mtoto alibaki kule na hakuna aliyemwosha."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, umbali wa mikono miwili, nikichora nyumba na jua, wakati mama yangu akizika mtoto wa mtu. Nilichokisikia kilikuwa maji. Wazazi wawili walikuwa katika chumba kile, mmoja akimtafuta wake na mwingine akimshika wake asichukuliwe, na njia ya wote wawili ilipita kwenye miguu yangu. Sijui hadi leo kama alikuwa na haki. Mwenye mtoto hakuulizwa. Najua tu kwamba mimi ndiye niliyebaki, na kwamba kubaki kwangu kulikuwa na bei ambayo mtu mwingine aliilipa bila kujua.

Nilipata swali moja tu, la kitoto, na nililiuliza kwa Kiswahili. Nilimuuliza kama ilikuwa kazi ngumu.

Mama aliitazama mikono yake. "Nailoni ni nyepesi sana," alisema. "Ukiitia majini inaelea, inarudi juu. Ilibidi nimshikilie."